Wekundu wa Python na wekundu wa Makobe: kisa cha furu waliofanana rangi wakatofautiana asili

Katika miamba ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, wapo furu wawili, samaki wadogo wa ziwa hilo, wanaoishi kwenye mawe yale yale. Dume wa kwanza ni wa bluu: mwili wa kijivu kilichokolea, milia myeusi iliyosimama ubavuni, na pezi la mgongoni linalometa bluu. Dume wa pili ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, na milia ile ile. Majike wao wana rangi ya udongo na wanafanana mno. Ukiwachanganya kwenye ndoo moja, hata aliyewazoea huchukua muda kabla ya kusema huyu ni wa upande gani.

Kitaalamu, yule wa bluu huitwa Pundamilia pundamilia. Mwekundu ni Pundamilia nyererei, jina alilopewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Wote wawili wapo Kisiwa cha Makobe, upande wa Ghuba ya Speke. Wengine wawili, bluu na mwekundu, wapo Kisiwa cha Python ndani ya Ghuba ya Mwanza. Kwa muda mrefu hesabu ilionekana nyepesi: visiwa viwili, spishi mbili, kila spishi ina watu wake kila kisiwa.

Vinasaba vilipopimwa, hesabu hiyo ilivurugika. Mwekundu wa Python hakuonekana kuwa jamaa wa karibu wa mwekundu wa Makobe. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni yule wa bluu anayegombania naye jiwe moja pale pale Python.

Ziwa letu lina visa vingi vya namna hii. Nimechagua hiki kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo macho yanadanganyika, na pia mahali ambapo DNA yenyewe, ikisomwa kwa haraka, ingeweza kutudanganya. Watu wengi wanadhani kipimo cha DNA ni hukumu: unaweka sampuli kwenye mashine, inakuambia nani ni ndugu wa nani, kazi imeisha. Kwa furu wa Mwanza haikuwa hivyo hata kidogo, na naona ni vizuri wanafunzi wetu wa biolojia walijue hilo wakiwa bado shuleni.

Mahali penyewe

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kwa umri ni changa. Tope lililochimbwa kutoka sakafu yake linaonyesha kwamba mwishoni mwa enzi ya barafu lilikauka, kisha likaanza kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo mfupi yametokea makundi ya furu yanayokadiriwa kuzidi spishi 500: wala mwani, wala konokono, wala mayai ya wenzao, wala dagaa, wakwangua miamba. Hakuna mahali pengine duniani panapojulikana ambapo samaki wengi kiasi hicho wametokea ndani ya muda mfupi kiasi hicho.

Sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu furu hao kilianzia hapa Mwanza. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianzisha kikosi cha kuchunguza ikolojia ya furu, kijulikanacho kwa kifupi HEST, na Frans Witte akawa miongoni mwa nguzo zake. Walivuta nyavu katika Ghuba ya Mwanza mwaka hadi mwaka, wakapima, wakachora, wakahifadhi. Kisha katikati ya miaka ya 1980 sangara walizidi katika ghuba, na furu wa maji ya wazi na wa sakafu ya tope wakapungua kwa kasi ya kutisha. Spishi zipatazo 200 zilitoweka au zikabaki chache mno kuonekana. Furu wa miamba walisalimika zaidi, kwa kuwa sangara hawezi kuwafuata kwenye nyufa za mawe. Ndiyo maana kisa chetu kinahusu miamba: huko ndiko ushahidi ulikobaki hai.

Jambo la pili kuhusu mahali hapa ni uangavu wa maji. Ghuba ya Mwanza inaingia nchi kavu kwa kilomita zipatazo 60, na kadiri unavyoelekea kusini ndivyo maji yanavyokuwa ya tope. Watafiti hupima kwa kisahani cheupe kilichofungwa kamba: unakishusha polepole mpaka kipotee machoni, kisha unasoma urefu wa kamba. Makobe kisahani hupotea baada ya mita mbili na zaidi. Python hupotea karibu mita moja. Luanso, kusini kabisa mwa ghuba, nusu mita tu na hukioni tena. Hizi si tofauti ndogo kwa kiumbe anayechagua mwenzi kwa kutazama.

Rangi na jicho

Furu wa kundi hili hulea kinywani. Jike hutaga, huyaokota mayai kinywani, kisha hugusa madoa ya manjano yaliyo kwenye pezi la chini la dume, na hapo mbegu huingia. Baada ya hapo dume hana kazi tena. Jike peke yake hubeba mayai na baadaye vifaranga. Anayelipa gharama yote ya uzazi ana sababu ya kuwa mteuzi, na jike wa furu ni mteuzi kwelikweli.

Anachagua kwa rangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Ole Seehausen na Jacques van Alphen waliwaweka majike wa bluu na wa mwekundu kwenye matangi pamoja na madume wa aina zote mbili. Chini ya mwanga mweupe kila jike alimfuata dume wa upande wake. Walipobadilisha mwanga ukawa wa rangi moja, ambapo bluu na nyekundu hazitofautiki, uteuzi uliyumba. Majike walikwenda kwa dume yeyote. Na machotara waliopatikana walikuwa wazima, wenye uwezo wa kuzaa. Kwa maneno mengine, kilichowatenga samaki hawa ni mapenzi ya jike, na mapenzi hayo yanategemea mwanga.

Mwanga wenyewe hubadilika na kina. Katika maji ya ziwa letu chembe za tope na mwani huondoa kwanza mwanga wa bluu. Unaposhuka chini kinachobaki ni chekundu zaidi na zaidi. Wa bluu huishi juu, karibu na ufuko wa mawe. Mwekundu huishi chini yake. Katika jicho la kila mmoja kuna jeni inayoitwa LWS, inayotengeneza protini ya kupokea mwanga wa mawimbi marefu, na jeni hiyo ina matoleo mbalimbali. Toleo linalowatawala wekundu hupokea vizuri zaidi mwanga uliosogea upande wa nyekundu. Lile la wa bluu limesogea upande wa pili. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2008, Seehausen akiwa mwandishi wa kwanza, ulipima visiwa kutoka Luanso hadi Makobe ukaonyesha kwamba pale maji yanapokuwa angavu kiasi, matoleo mawili ya jeni hii yamegawana samaki sawasawa na rangi zao. Luanso hakuna mgawanyiko. Huko kuna kundi moja la samaki lenye rangi za kila namna kati ya bluu na nyekundu, wanaozaliana pamoja.

Herufi 803

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye kipimo cha kwanza cha vinasaba kilicholitikisa ziwa hili.

Mwaka 1990 mtafiti Axel Meyer na wenzake walisoma herufi 803 za DNA ya mitokondria, yaani viungo vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati, kutoka kwa furu wa spishi 14 za Ziwa Victoria. DNA ya mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama pekee, ni fupi, na wakati ule ndiyo iliyokuwa rahisi kuisoma. Walitegemea kukuta tofauti za kutosha kuchora mti wa nasaba. Walikuta karibu hakuna. Samaki wenye taya na meno tofauti kabisa, wala konokono na wala samaki wenzao, walikuwa na herufi zinazokaribiana kuliko za binadamu wawili wanavyotofautiana. Hitimisho lao, kwamba furu wa ziwa hili ni ukoo mmoja wenye umri chini ya miaka 200,000, lilikuwa kubwa na limebaki kuwa msingi.

Lakini kwa swali letu la Python na Makobe kipimo kile hakifai kitu. Ni kama kumjua mtu kwa jina la ukoo peke yake: linakuonyesha mstari mmoja wa waliomtangulia, na bibi na babu wengine wote hawamo. Samaki wawili wanaweza kuwa na mitokondria moja kwa sababu ni ndugu wa karibu. Wanaweza kuwa nayo kwa sababu jike mmoja wa spishi nyingine aliingia zamani katika kundi lao na uzao wake ukaenea. Na wanaweza kuwa nayo kwa sababu tu spishi ni changa kiasi kwamba matoleo ya zamani ya DNA bado yamo ndani ya wote, hayajapata muda wa kupotea upande mmoja na kubaki upande mwingine. Hili la tatu ndilo linalosumbua zaidi ziwani kwetu. Furu mmoja hupevuka na kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo miaka 15,000 ni vizazi 15,000 hivi tu. Kwa spishi zenye samaki wengi, ni muda mdogo mno wa kusafisha urithi wa pamoja.

Dawa yake ni kusoma DNA ya kwenye kiini cha seli, tena kwa maelfu ya sehemu tofauti kwa wakati mmoja. Kila sehemu ina historia yake, maana kila kizazi kromosomu za baba na mama hukatwa na kuunganishwa upya. Sehemu moja inaweza kusema uongo. Maelfu yakisema kitu kimoja, unaanza kusikiliza.

Mti uliokataa rangi

Kazi ya shambani ni ya mikono. Furu hunaswa kwa ndoana au kwa nyavu za macho madogo zinazotegwa kuzunguka miamba. Kila samaki hupigwa picha akiwa bado na rangi, maana dume akifa rangi hufifia upesi na picha ya baadaye haina maana. Kisha hukatwa kipande kidogo cha pezi, hakizidi ukucha wa mtoto, kikatumbukizwa kwenye kichupa cha spiriti kali. Kichupa kinaandikwa kisiwa, kina na tarehe. Kutoka kipande hicho ndipo DNA hutolewa.

Nasisitiza spiriti kwa sababu ina uzito katika kisa hiki. Sehemu kubwa ya furu waliokusanywa ghubani kabla ya sangara walihifadhiwa kwa formalini, dawa ya kuzuia miili isioze, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule. Formalini hutunza umbo vizuri sana lakini huifunga na kuivunja DNA. Wapo samaki waliotoweka ambao tunao miili yao yote, mizima, mifupa na meno, na bado ni vigumu mno kusoma vinasaba vyao. Hasara hiyo inaniuma kila ninapoifikiria.

Joana Meier, akifanya kazi na Seehausen, Laurent Excoffier na wengine kutoka Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichukua jozi mbili: bluu na mwekundu wa Makobe, bluu na mwekundu wa Python. Ilikuwa imeshaonekana katika vipimo vya awali kwamba umbali wa kinasaba kati ya visiwa, hata kwa samaki wa rangi moja, mara nyingi huzidi umbali kati ya rangi mbili za kisiwa kimoja. Mti wa nasaba uliwaweka wawili wa Python pamoja. Rangi haikuwa mpaka wa ukoo.

Hapo ndipo wengi wangemaliza habari na kutangaza: wekundu wametokea mara mbili, basi. Meier na wenzake hawakumaliza hapo, na kwangu hapa ndipo penye ubora wa kazi yao. Mti huo huo unaweza kuzalishwa na historia tatu tofauti.

Historia ya kwanza: bluu na mwekundu walitengana mara moja tu, mahali pamoja, kisha wote wakasambaa hadi visiwa vyote. Baadaye, kila kisiwa, majirani wakawa wanazaliana mara moja moja. Kwa vizazi vingi jeni zikavuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine mpaka wa Python wakafanana kinasaba na wa Python, na wa Makobe na wa Makobe. Rangi zilibaki kwa sababu majike waliendelea kuzichagua. Katika historia hii, undugu wa karibu kati ya bluu na mwekundu wa Python si undugu wa asili. Ni matokeo ya ujirani.

Historia ya pili: wa bluu peke yake aliingia ghubani, na huko akagawanyika upya kuwa bluu na mwekundu, bila msaada wa mtu wa nje. Wekundu wa Python wangekuwa wamejitengenezea wekundu wao wenyewe.

Historia ya tatu iko katikati. Ghubani kulikuwa na wa bluu. Wekundu kutoka upande wa Makobe wakaingia, wakazaliana nao, likatokea kundi la machotara. Kisha ndani ya kundi hilo mgawanyiko ukafanyika upya: juu wakabaki wa bluu, chini wakatokea wekundu.

Unazitofautishaje? Kwa mti peke yake huwezi. Unahitaji kuuliza maswali ambayo kila historia inayajibu tofauti. La kwanza ni hili: wa bluu wa Python ana herufi ngapi za ziada anazoshiriki na mwekundu wa Makobe, ukimlinganisha na wa bluu wa Makobe? Kama hakukuwa na mchanganyiko wowote, wa bluu wa visiwa vyote viwili wangeshiriki na mwekundu huyo kwa kiasi kilekile, kwa bahati tu. Ukikuta mmoja amezidi, kuna damu iliyovuka. La pili linahusu idadi: kwa kila sehemu ya jenomu (DNA yote ya kiumbe) inayotofautiana, ni samaki wangapi katika kundi wana herufi hii na wangapi wana ile? Mgawanyo wa hesabu hizo hubadilika kulingana na ukubwa wa kundi zamani, lini liligawanyika, na lini lilipokea wageni. Watafiti huunda historia kwenye kompyuta, huiendesha mara nyingi sana, na kutazama ni historia ipi inayozalisha hesabu zinazokaribia zile za samaki halisi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Molecular Ecology. Historia iliyolingana vizuri zaidi na takwimu ni ya tatu. Mgawanyiko ulitokea mara mbili. Ule wa pili, wa ndani ya Ghuba ya Mwanza, ulifuata muda mfupi baada ya wekundu wa nje kuingiza jeni zao. Na wote wawili wa Python, hata yule wa bluu, wamebeba urithi wa mchanganyiko huo. Tangu hapo watafiti wameacha kuwaita wa Python kwa majina ya wale wa Makobe. Huandika tu kwamba ni Pundamilia anayefanana na nyererei, na Pundamilia anayefanana na pundamilia.

Ni nini kiliazimwa, nini kilitengenezwa pale pale

Swali linalofuata ni la haki: je, wekundu wa Python ni kazi ya jeni zilizoletwa na wageni, au ni uvumbuzi wa ghuba? Mwaka 2018 kundi lile lile lilipitia jenomu sehemu kwa sehemu, likatafuta mahali ambapo bluu na mwekundu wametofautiana kupita kiasi. Kwa kila jozi walikuta zaidi ya maeneo 300, yaliyotapakaa jenomu nzima. Baadhi ya maeneo yaliyotofautiana zaidi katika jozi ya zamani, ya Makobe, yametofautiana pia katika jozi changa ya Python, na mara nyingi kwa mwelekeo ule ule: toleo la mwekundu kwa mwekundu, la bluu kwa bluu. Hayo ndiyo yanayoonekana kuazimwa. Machotara walirithi matoleo yote mawili, kisha kina cha maji, mwanga na uteuzi wa majike vikayapanga upya pande mbili.

Lakini theluthi mbili ya maeneo yanayowatenganisha wa Python hayana tofauti kubwa kati ya wale wa Makobe. Hizo ni njia za ghuba yenyewe. Ninaona takwimu hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, ingawa husemwa kwa nadra. Kama mwekundu wa Python angekuwa nakala tu ya yule wa Makobe aliyejificha ndani ya damu ya bluu, maeneo hayo yasingekuwepo kwa wingi kiasi hicho. Samaki huyu amefanana na mwenzake kwa rangi, na chini ya ngozi amefika pale kwa njia yake.

Kuna tahadhari moja ambayo msomaji makini lazima aidai. Modeli bora, yaani ile historia ya kompyuta iliyolingana zaidi na takwimu, ni bora kati ya zile zilizojaribiwa. Jozi zilizopimwa kwa kina ni za visiwa viwili, katika ziwa lenye mamia ya visiwa na vichwa vya miamba. Wekundu wa nje walioingia ghubani wanawakilishwa na wale wa Makobe kwa kuwa ndio waliopimwa. Ndugu zao waliovuka hasa wangeweza kutoka kwenye mwamba jirani. Hilo halibatilishi hitimisho la mchanganyiko, ila linatuzuia kuchora mshale kwenye ramani kutoka kisiwa kimoja hadi kingine kana kwamba tulikuwepo.

Kinachonipa imani zaidi ni kwamba kisa cha Python kinarudia, kwa udogo, kitu kilichoonekana kwa ziwa zima. Mwaka huo huo wa 2017 Meier na wenzake walichapisha katika Nature Communications uchambuzi wa furu wa ukanda wote wa Ziwa Victoria, pamoja na maziwa jirani kama Edward, Albert na Kivu, jumla ya spishi zipatazo 700. Walionyesha kwamba ukoo wote huo umetokana na mchanganyiko wa koo mbili zilizokuwa zimetengana muda mrefu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nili. Matoleo mawili makuu ya ile jeni ya jicho, LWS, yaliingia kwa mlango huo: moja kutoka kila upande. Kwa hiyo tofauti inayowatenga bluu na mwekundu kwenye mwamba wa Python ina umri mkubwa kuliko ziwa lenyewe. Spishi ni changa, malighafi ni ya kale. Hiyo ndiyo namna samaki wanaweza kugawanyika haraka hivyo: hawakusubiri kosa jipya la kunakili DNA litokee, walipanga upya kilichokuwepo.

Kwa wanaotunza ghuba

Furu hawauzwi kwa bei ya sangara wala sato. Wengi wao huishia kuwa chambo kwenye ndoana, au kukaushwa na kuliwa nyumbani, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuwahesabu wote kama kitu kimoja. Hata katika mazungumzo ya uhifadhi husikika hoja kwamba nyererei wapo Makobe kwa wingi, basi wakitoweka Python si neno. Kwa ushahidi huu hoja hiyo imekufa. Wekundu wa Python hawawezi kurudishwa kwa kuleta ndoo ya wekundu wa Makobe. Ukiwaleta utaanzisha mchanganyiko mwingine, wa tatu, na hakuna anayejua utaishia wapi.

Hatari inayowakabili haitokani na nyavu. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Witte walionyesha katika jarida la Science kwamba kadiri maji yanavyozidi kuwa na tope na mwani, ndivyo rangi za furu zinavyofifia na spishi zinavyopungua mahali pamoja. Mbolea na udongo kutoka mashambani, maji taka ya mji unaokua, mifugo inayoshuka kunywa, mchanga unaochimbwa kandokando: vyote hivyo vinashusha mwanga. Ukishuka vya kutosha, jike wa bluu hamtofautishi dume wake na wa jirani. Hapauawi samaki hata mmoja, na bado spishi mbili zinarudi kuwa moja. Luanso inatuonyesha hali hiyo inavyofanana, iwe samaki wake walirudi pamoja au hawakuwahi kugawanyika.

Nimesikia swali hili kwa wanafunzi, nalo ni zuri: kama mchanganyiko ndio uliowazaa, kwa nini tuuogope mchanganyiko? Tofauti iko kwenye kinachofuata. Machotara wa zamani wa ghuba walikuta maji yenye mwanga wa kutosha kwa macho mawili tofauti kupata kazi, moja juu na moja chini. Uteuzi asilia ulikuwa na cha kushika. Machotara wa maji ya tope hawana mgawanyo huo wa mwanga. Wanachanganyika na kubaki hivyo hivyo.

Kwa hiyo ningependa mambo mawili yafanyike, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni sampuli. Kila anayekusanya furu kwa masomo au utafiti Mwanza, awe wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, au wa chuo, aweke kipande cha pezi kwenye spiriti kabla samaki hajaingia kwenye formalini, na aandike jina la mwamba, asiishie kuandika «Ghuba ya Mwanza». Bila jina la mwamba kisa hiki kisingewezekana kabisa.

La pili ni ufuko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji ya ziwa. Mita hizo zikiachwa na nyasi na miti, udongo unanasa kabla haujafika majini. Kuanzia Luanso kuja kisiwa cha Kissenda hadi Python, kwenye pande zote mbili za ghuba, kuna mashamba yanayofika hadi kwenye matete. Halmashauri zenye ufuko huo zianze kupima mipaka hiyo kutokea kaskazini, mkabala na Python, ambako bado kuna jozi mbili za macho za kuokoa, kisha ziteremke kusini.